UZI: Gaidi akiachiliwa kwa huruma, nani ameulizwa?

Haya ni maneno niliyosema Jumamosi kwenye kikao cha vijana hapa Buruburu. Wengi mlinitumia ujumbe mkiomba niyaweke hapa, basi nayaweka karibu kama yalivyotoka mdomoni. Kanuni ya uzi huu mnaijua: simtaji mwanasiasa, sitaji chama. Ukileta jina kwenye majibu, nitakuruka tu.

1. Nianze na safari ambayo kila mtu hapa ameifanya. Unapanda mathree Buru, unaingia Jogoo Road, unapita Muthurwa, unatokea Haile Selassie Avenue. Kwenye kona ya Moi Avenue kuna bustani yenye ukuta wa majina. Wengi wetu hapa hatukuwa tumezaliwa Ijumaa ile ya tarehe 7 Agosti 1998, lori lenye bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani. Watu 213 walikufa hapa Nairobi. Jumba la Ufundi lililokuwa jirani lilianguka lote. Maelfu walijeruhiwa, na wengi waliumizwa macho, manake walisikia mlipuko mdogo wa kwanza, wakakimbilia dirishani kuona kuna nini, kisha bomu lenyewe likalipuka na vioo vikawarukia usoni. Asubuhi hiyo hiyo Dar es Salaam wakafa watu 11.

2. Sasa swali la leo. Mtu aliyehukumiwa kwa ugaidi akiugua au akizeeka gerezani, anaweza kuachiliwa kwa misingi ya huruma? Kwenye mijadala hili swali huulizwa kama mtego. Ukisema ndiyo, wewe ni mtetezi wa magaidi. Ukisema hapana, wewe huna utu. Unapewa sekunde kumi, watu wanapiga makofi, mnaenda nyumbani. Mimi nataka tulifungue polepole, na tutumie kesi ambayo ni yetu. Sio ya mbali.

3. Kuna wakili mmoja wa Misri anaitwa Adel Abdel Bari. Alikuwa amepewa hifadhi Uingereza, akakamatwa London mwaka 1999 kuhusiana na mabomu ya Nairobi na Dar. Alipinga kupelekwa Marekani kwa miaka mingi mahakamani, mpaka Oktoba 2012 ndipo akapelekwa New York. Mwaka 2014 akaingia makubaliano na waendesha mashtaka, akakiri. Hakukiri kuleta lori wala kuunganisha bomu. Alikiri, pamoja na mengine, kwamba alipitisha kwa waandishi wa habari ujumbe wa kundi lake la kudai kwamba ndilo lililofanya mashambulizi, na kwamba alikuwa kwenye njama ya kuua Wamarekani. Februari 2015 akahukumiwa miaka 25.

4. Oktoba 2020, wakati wa korona, Jaji Lewis Kaplan wa mahakama ya New York alikubali aachiliwe mapema. Sababu: alikuwa na miaka 60 na unene wa kupita kiasi, mambo mawili yaliyomweka kwenye hatari kubwa akiambukizwa. Sheria ya Marekani inaruhusu mahakama kupunguza kifungo kukiwa na sababu nzito za kipekee, na tangu mwaka 2018 mfungwa mwenyewe anaweza kwenda mahakamani kuomba, akishapitia kwa wakuu wa magereza kwanza. Desemba 2020 Bari akawa amerudi London. Magazeti yakaandika: gaidi wa mabomu ya Afrika Mashariki aachiliwa kwa sababu ni mnene. Wewe ukisoma hivyo, si damu inachemka?

5. Lakini hebu tulia, kuna kitu vichwa vya habari vilikimeza. Miaka yote aliyokaa korokoroni Uingereza ilihesabiwa kwenye ile 25. Ukitoa na punguzo la tabia njema, alikuwa anatoka mwisho wa mwezi huo huo wa Oktoba 2020. Yaani huruma yenyewe ilikuwa ya wiki chache. Wiki! Hata kama jaji angekataa, jamaa angekuwa nje kabla ya Krismasi. Kwa hivyo mwenye hasira alikuwa na haki ya hasira, lakini alikuwa ameielekeza mahali siko.

6. Mahali penyewe ni wapi? Rudi 2014, kwenye makubaliano ya kukiri. Hapo ndipo kifungo cha maisha kilipogeuka miaka 25. Linganisha: Oktoba 2012 Bari alipelekwa Marekani pamoja na mshtakiwa mwingine wa kesi hiyo hiyo, Khaled al-Fawwaz. Huyo hakukiri, akaenda kwenye kesi kamili, akapata kifungo cha maisha mwaka 2015. Wanne waliopatikana na hatia New York mwaka 2001, mmoja wao akiwa mtu wa Zanzibar, nao walipata maisha. Sisemi makubaliano yale yalikuwa mabaya. Waendesha mashtaka huwa na sababu zao: ushahidi umezeeka, mashahidi wako mbali, kesi inaweza kuporomoka. Nasema uamuzi mkubwa ulifanywa siku ambayo hakuna mtu mtaani alikuwa anaangalia, na kelele zikaja miaka sita baadaye juu ya uamuzi mdogo.

7. Sasa niwaletee mama mmoja, jirani yetu. Jina lake ni lake. Mwaka 1998 alikuwa kazini mjini, na tangu siku hiyo anaona kwa jicho moja. Mwaka jana nikiwa nasoma kesi hii kwa ajili ya darasa, nilimuuliza alijisikiaje wakati yule mtu alipoachiliwa. Aliniangalia, akaniuliza, "Nani ameachiliwa?" Miaka ilikuwa imepita na hakuwa amesikia. Mimi, kijana wa chuo ambaye hakuwa amezaliwa, ndiye niliyempelekea habari, tena akiwa anachambua sukuma wiki. Niliona aibu sana. Nikamwomba msamaha. Akasema, "Kijana wangu, mimi sijasema wamnyime dawa. Nasema tu wangeniambia."

8. Hayo maneno ndiyo yamenileta mbele yenu leo. Lakini kabla sijayafikia, tuweke istilahi sawa, manake mijadala mingi huharibika hapa. Kuachiliwa kwa huruma si kufutiwa kosa. Hatia inabaki. Si kusamehewa pia, kwa sababu msamaha ni wa aliyekosewa, na serikali haiwezi kusamehe kwa niaba ya jicho la mama. Kuachiliwa kwa huruma ni serikali kusema: adhabu ilikuwa kunyimwa uhuru, na sasa ugonjwa au uzee umefanya adhabu hiyo iwe kitu kingine ambacho mahakama haikuamuru. Ukisikia mwanasiasa anachanganya haya matatu, jua anatafuta makofi.

9. Wanaounga mkono husema nini? Kwanza, gereza si hospitali, na mtu anayekufa kwa maumivu kwenye seli haongezi usalama wa yeyote. Pili, na hii ndiyo hoja nzito, dola inayojiheshimu haipimi utu wake kwa utu wa mhalifu. Kama yeye hakuwa na huruma, hiyo ni sifa yake, isiwe yetu. Tatu, sheria ikianza kusema "wafungwa wote isipokuwa hawa", orodha ya "hawa" huwa inakua. Leo ni gaidi, kesho ni yeyote ambaye jirani amemchukia.

10. Wanaopinga nao si wajinga. Wanasema hukumu ni ahadi. Waathiriwa walikaa mahakamani, wakasikia idadi ya miaka, wakaenda nyumbani wakijaribu kuishi. Ukivunja ahadi hiyo kimyakimya, umewaumiza mara ya pili. Wanasema pia kwamba ugaidi hauko kama wizi wa simu. Mtu akirudi akapokelewa kama shujaa, huo ni ujumbe kwa vijana wengine. Na wanauliza: mbona huruma hupatikana haraka kwa mwenye mawakili wazuri, na mtoto wa Dandora aliyefungwa kwa kesi ndogo anaozea rumande kwa kukosa dhamana?

11. Kesi ambayo pande zote huitumia ni ya Lockerbie. Desemba 1988 ndege ya Pan Am ililipuliwa juu ya mji huo wa Scotland, wakafa watu 270. Mwaka 2001 Mlibya mmoja, Abdelbaset al-Megrahi, akapewa kifungo cha maisha. Agosti 2009 waziri wa sheria wa Scotland akamwachilia kwa huruma, akiwa na saratani ya tezi dume, madaktari wakikadiria amebakiza kama miezi mitatu. Akafika Tripoli akapokewa na umati uwanja wa ndege. Na hakufa baada ya miezi mitatu. Alikufa Mei 2012, karibu miaka mitatu baadaye. Watu wakasema tumechezewa. Wengine wakasema kuna biashara ya mafuta hapo nyuma, ingawa serikali ya Scotland ilikana kabisa.

12. Mimi najifunza mambo mawili hapo. La kwanza: makadirio ya daktari ni makadirio. Ukijenga uamuzi wote juu ya namba ya miezi, mgonjwa akiishi zaidi, watu wataona kuishi kwake kama udanganyifu. Jengea kwenye masharti. Hata Megrahi alikuwa na masharti, alitakiwa kuendelea kuwasiliana na baraza la East Renfrewshire kule Scotland akiwa Libya, lakini nani alielezwa hayo vizuri? La pili: waathiriwa si kikundi kimoja chenye sauti moja. Familia nyingi za Marekani zilikasirika sana. Baadhi ya familia za Uingereza ziliunga mkono aachiliwe, na wengine kati yao walikuwa na shaka na hukumu yenyewe. Kwa hivyo mtu akisimama jukwaani akasema "waathiriwa wanataka hivi", muulize, gani? Uliongea na nani?

13. Turudi Kenya. Msidhani haya ni ya wazungu. Sisi pia tumefunga watu kwa ugaidi. Kwa shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi wa rika letu, mahakama mwaka 2019 ilitoa kifungo cha maisha kwa mmoja na miaka 41 kwa wengine wawili. Kwa Westgate, watu wawili walihukumiwa Oktoba 2020, mwezi ule ule wa habari za Bari. Wafungwa huzeeka. Wafungwa huugua. Siku moja barua itaandikwa, na nyinyi mliokaa hapa mtakuwa watu wazima wenye kura na wenye watoto. Mtajibu nini?

14. Katiba yetu ya 2010 ina jibu lake, Ibara ya 133. Mfungwa anaandika ombi, na rais, kwa ushauri wa kamati maalum, anaweza kumsamehe, kuahirisha adhabu, kuibadilisha iwe nyepesi au kuipunguza. Kwenye kamati yumo Mwanasheria Mkuu, waziri anayesimamia magereza, na wengine wasiopungua watano ambao si watumishi wa serikali. Hiyo ni nzuri. Sasa soma kijifungu cha nne. Kinasema kamati *inaweza* kuzingatia maoni ya waathiriwa wa kosa lile. Inaweza. Maana yake inaweza pia isiyazingatie. Neno moja tu, na mama wa jirani ameachwa nje ya mlango.

15. Mtasema natafuta makosa. Haya, Oktoba 2016 wafungwa 2,747 waliokuwa wanasubiri kunyongwa walibadilishiwa hukumu kuwa kifungo cha maisha, kwa siku moja. Mimi binafsi sipendi hukumu ya kifo, nilifurahi niliposoma. Lakini nyuma ya kila mmoja wa hao kuna nyumba iliyoumia. Hebu fikiria wewe mwenyewe, kwa kalamu ya siku moja, kila nyumba ingeulizwa vipi?

16. Na kuna jambo la pesa, manake huruma haizungumzwi hewani. Mwezi ule ule wa Oktoba 2020, Marekani ilitangaza kwamba Sudan itatoa dola milioni 335 kwa ajili ya waathiriwa wa ugaidi, yakiwemo mabomu ya 1998, ili iondolewe kwenye orodha ya nchi zinazofadhili ugaidi. Pesa hizo zililenga wale wenye madai kwenye mahakama za Marekani: Wamarekani, na wafanyakazi wa balozi pamoja na familia zao. Aliyekuwa anapita tu Haile Selassie akielekea steji, aliyekuwa anajifunza uhazili Ufundi House, huyo aliambiwa pole. Sasa weka habari hizi mbili pamoja. Mwezi mmoja: mfungwa anapata wiki zake za huruma, na mwananchi wa kawaida hapati kitu. Hasira ya watu si ati wanachukia huruma. Wanauliza mbona imewapita mlangoni kwao, ikaenda kwa jirani.

17. Kuna hoja moja dhidi yangu, na ni nzuri, kwa hivyo niiseme mwenyewe kabla ya rafiki yangu wa sheria pale nyuma kuinua mkono. Ati ukilazimisha waathiriwa wasikilizwe, hakuna mfungwa atatoka milele. Kila mtu atasema hapana, na sheria itageuka kisasi. Nimeifikiria sana. Jibu langu: kusikilizwa si kupewa kura ya turufu. Mwamuzi anabaki kuwa kamati, au jaji, na anaweza kuamua kinyume na alichosikia. Kortini kwetu tayari mwathiriwa ana haki ya kueleza athari za kosa kabla ya hukumu, na majaji hawajaacha kuwa majaji. Nilirudi kwa yule mama nikamuuliza, "Mama, wangekuuliza, ungesema nini?" Akafikiria. Akasema, "Ningekataa. Halafu wangemwachilia tu, si ndivyo? Lakini ningekuwa nimesema."

18. Kwa hivyo msimamo wangu ni huu, na mnaweza kuupinga. Huruma iwepo, hata kwa aliyehukumiwa kwa ugaidi, kwa sababu mfungwa anayekufa bado ni binadamu na sisi bado ni watu. Lakini iwe huruma inayotembea mchana. Mwathiriwa ajulishwe *kabla*, asije akasikia kwa mwanafunzi miaka baadaye. Asikilizwe kwa lazima, neno "inaweza" liwe "ni lazima". Sababu zitolewe kwa maandishi, kwa Kiswahili ambacho mama anaweza kusoma. Na masharti yatangazwe: atakuwa wapi, nani anamfuatilia, nini kitamrudisha ndani.

19. Kampeni zikifika, hili swali litarushwa kwenu kama mfupa. Anayelirusha, muulizeni mambo matatu. Moja: uamuzi mkubwa wa kesi hii ulifanyika lini, leo au miaka iliyopita? Mbili: umeongea na mwathiriwa gani, na alisema nini hasa? Tatu: wewe mwenyewe ukipata mamlaka, waliojeruhiwa 1998 na bado wananunua dawa kwa mfuko wao, utawafanyia nini? Akijibu la tatu kwa kupiga kelele juu ya gaidi, basi hajajibu.

20. Namalizia. Mkienda mjini wiki hii, shukeni mapema kidogo, mwingie pale bustanini. Someni majina. Mimi nilipoenda nilikuta majina ya kila kabila na kila dini, yamepangwa pamoja kwenye jiwe moja. Walioandikwa pale hawawezi kuulizwa tena. Lakini waliopona wako kwenye mitaa yetu, wengine mlango wa pili kutoka kwenu. Hao bado wanaweza kuulizwa.

Mwisho wa uzi. Majibu yako wazi. Pinga hoja, usimtukane mtu. Na kama nyumbani kwenu kuna aliyekuwepo siku ile, usimwandike hapa. Muulize kwanza kama anataka.